Mpuliza Saksafoni wa Ulaya Jazz

Goodluck, mwenye hoteli kando ya barabara kuu pale Mikumi, aliipata santuri ile Dar es Salaam kwa muuza vitu vya kale, akarudi nayo kwenye gari ikiwa imeviringishwa taulo kama mtoto mchanga. Haikuwa na jalada. Katikati yake, kwenye karatasi ya mviringo iliyopauka, palisomeka Ulaya Jazz, chini yake Msimu wa Pamba, kisha orodha ya nyimbo sita. Majina ya wapigaji hayakuandikwa popote.

"Nimeitafuta hii miaka minne," alimwambia Magdalena. "Kaa hapo usikilize. Sindano usiiguse. Mimi naenda Doma mara moja, nikirudi utaniambia baba yako anaanza kupuliza kwenye wimbo wa ngapi."

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na ukumbi wa chakula ulikuwa mtupu. Magdalena alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kila Jumamosi na Jumapili mchana alipuliza saksafoni katika ukumbi huo, watalii wakila kabla ya kuingia mbugani na madereva wa malori wakimtazama kwa pembe ya jicho. Goodluck alimchukua kwa sababu moja, na aliitaja mbele ya kila mgeni: huyu ni binti wa Mzee Ditram, yule aliyepuliza saksafoni katika Ulaya Jazz. Wageni walikuwa wakilicheka jina hilo mpaka waelezwe kwamba Ulaya hiyo ni kata ya huko huko Kilosa, na kwamba vijana wa bendi walikuwa wafanyakazi wa kinu cha pamba waliopiga dansi siku za mapumziko.

Santuri yenyewe Magdalena hakuwahi kuisikia. Ya kwao, aliambiwa tangu utoto, ilichukuliwa na mafuriko ya Mto Mkondoa kabla hajazaliwa. Alichokuwa nacho ni nyimbo alizofundishwa na baba yake sauti kwa sauti, uani, mzee akiwa kwenye kigoda na kijiti cha kugongea mwendo. Sasa mzee huyo alikuwa kitandani Kilosa, mapafu yameliwa na vumbi la pamba, akihema wakati wote kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Daktari alikwisha kusema kwamba bila mashine ya oksijeni pale nyumbani hafiki mwisho wa masika. Mashine hiyo Goodluck alikuwa ameiahidi. Jumapili ya wiki iliyofuata angefanya sherehe ya kumuenzi mzee, watu wa redio wawepo, na mashine ikabidhiwe mbele ya kamera.

Magdalena akaketi. Sindano ikakwaruza kidogo, halafu tumba zikaanza peke yake.

Wimbo wa kwanza ulimshtua kwa utulivu wake. Alizoea kupuliza juu ya mdundo wa kinanda cha hoteli, ambao ulikuwa sahihi kama saa ya ukutani na ulichosha vivyo hivyo. Huku besi ilikuja ikitembea bila haraka, gitaa la rithimu likaikamata mkono, na gitaa la solo likawa linawachokoza wote wawili kutoka juu. Mpiga drumu alichelewa. Si kwamba alipotea. Alichelewa kidogo sana kila mara, kwa makusudi, na kule kuchelewa ndiko kulikoufanya mguu wa Magdalena uanze kugonga sakafu bila kuamriwa. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuuchelewesha muziki namna ile na usianguke.

Wimbo wa tatu uliitwa Zamu Yangu. Huo aliujua. Alikuwa ameupuliza uani kwao tangu akiwa na miaka tisa. Waimbaji wawili waliimba juu ya mtu anayekwenda kazini wakati wenzake wanatoka, kisha wakanyamaza, na saksafoni ikaingia.

Iliingia kwa chini, karibu na sauti ya mtu anayeongea peke yake. Magdalena akaifuata kwa vidole juu ya meza, maana kila hatua aliijua. Ila haikupita kama alivyofundishwa. Baba yake aliikata kila sauti kwa ulimi, moja moja, na kila baada ya sauti sita au saba aliiba pumzi. Ndivyo alivyopuliza, na ndivyo binti yake alivyojifunza kupuliza. Huyu hakukata. Sauti zake zilimwagika moja ndani ya nyingine, na pumzi yake haikujulikana ilipoanzia wala ilipoishia. Kisha wakafika pale ambapo baba huinua kijiti na kusema, "Hapa acha. Hapa gitaa linachukua." Magdalena akaondoa vidole mezani.

Gitaa halikuchukua. Saksafoni iliendelea. Ikapanda ngazi moja, ikarudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu, ikaokota wimbo wa mwanzo na kuuvunja vipande, halafu ikapanda tena, na tena, mpaka mahali ambapo Magdalena alidhani chombo hakifiki. Huko juu ikakaa. Haikupiga kelele. Ikashuka polepole, bendi nzima ikiisubiri, na wimbo ukaisha.

Akaishika sindano aliyokatazwa, akairudisha. Akaisikiliza mara nne. Mara ya pili machozi yalimtoka, na yalimtoka kwa sababu ya uzuri tu. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia mtu akipuliza hivyo, na alijiona kama mtu aliyesoma nusu ya barua maisha yake yote. Mara ya nne ndipo jambo lile jingine lilipomkalia kifuani. Aliijua pumzi ya baba yake kuliko alivyoijua sura yake. Huyu alikuwa mtu mwingine.

Goodluck aliporudi alimkuta bado ameketi, mikono magotini.

"Umempata?"

"Wimbo wa tatu, bosi."

"Nilijua tu," Goodluck akasema, akafurahi kama mtoto.

*

Nyumbani Kilosa alimkuta mama yake, Elizabeti, akichemsha maji ya kumfukizia mgonjwa. Alimwamkia, akaingia ndani. Mzee Ditram alikuwa ameegemezwa mito mitatu, kola ya shati ikionekana kubwa kwa shingo iliyobaki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akahema. "Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Zamu Yangu... waliiweka ya ngapi?"

"Ya tatu, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Mtu aliyepuliza katika santuri ile asingehitaji kuuliza, na wote wawili waliligundua hilo kwa pamoja. Akageuza macho kwenye dirisha.

"Na pale mwishoni," akasema, "panasikika vizuri?"

"Panasikika."

"Kibwana alikuwa na pumzi," alisema mzee. "Pumzi... alikuwa nayo."

Magdalena alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo katika nyumba ile.

Mama yake ndiye aliyelifafanua, huko nje, akiendelea kuchochea moto. Walikuwa wapuliza saksafoni wawili, Kibwana wa kwanza na Ditram msaidizi wake. Nafasi ya kurekodi Dar es Salaam ilikuja katikati ya msimu, kinu kikifanya kazi usiku na mchana. Msimamizi alikubali mmoja wao aende, na yule mwingine abaki kwenye mashine ashike zamu zote mbili. Ditram alibaki. Wiki nzima alikula vumbi la watu wawili. Kibwana alikwenda, akarudi, na mwaka uliofuata alikufa lori lilipopinduka wakitoka kupiga dansi Msowero. Kiti chake akapewa Ditram, na saksafoni yake pia.

"Santuri ilipoanza kuuzwa, watu walimpigia makofi yeye," Elizabeti alisema. "Mwanzoni alikataa. Alikataa mwaka mzima, wenzake wananiambia. Kila dansi anaeleza, si mimi, ni marehemu. Watu wanacheka, wanasema kijana ana unyenyekevu. Halafu siku moja akachoka kukataa."

"Na wewe ulijua?"

"Nimeishi naye miaka thelathini na tano, Magda. Nisijue?" Akafunika sufuria. "Na ile santuri haikuchukuliwa na maji. Hakuwahi kuisikiliza hata mara moja, na ulipozaliwa aliivunja mwenyewe. Alisema mtoto huyu asije akaisikia."

Magdalena akakaa juu ya kigoda kile kile alichokuwa akikalia baba yake.

"Sasa tunafanyaje, mama?"

"Tunafanya sherehe."

"Mama."

"Kibwana yuko kaburini karibu miaka hamsini. Baba yako yuko ndani humo, anayetaka amsikie. Kama una mashine nyingine, kamwambie Goodluck ukweli, yake abaki nayo."

Alisema bila ukali, kama anayesema unga umekwisha. Magdalena hakuwa na mashine nyingine.

*

Ijumaa alikwenda Mikumi kwa mazoezi. Getini alimkuta Petro, mlinzi, akimsukuma kwa maneno mwanamke aliyevaa kitenge na ndala, mwenye mfuko wa nailoni kifuani.

"Nimeshakwambia hapa si stendi. Wageni hawanunui mayai ya barabarani."

"Sijaja kuuza, baba. Namtafuta binti wa Mzee Ditram."

Magdalena angeweza kupita. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakupita.

"Shikamoo mama. Ni mimi."

"Marahaba mwanangu." Mwanamke alimtazama kuanzia usoni mpaka kwenye begi la saksafoni. "Naitwa Mwanasha. Nimetoka Dumila tangu alfajiri. Nilisikia tangazo redioni, la sherehe, na wakapiga kipande cha santuri. Kidogo tu, kisha wakakikata. Wakasema aliyepuliza ni Mzee Ditram."

Wakasogea kwenye kivuli cha ukuta. Kutoka kwenye nailoni Mwanasha akatoa picha ya rangi nyeusi na nyeupe iliyokatika kona. Vijana saba wamesimama mbele ya mlango, na nyuma ya picha mtu ameandika kwa kalamu ya wino: Dar es Salaam, siku ya kurekodi, 1977, kisha majina saba. Wa tatu, aliyekumbatia saksafoni, aliandikwa Kibwana. Jina la Ditram halikuwepo.

"Huyu ni baba yangu," alisema Mwanasha. "Alikufa mimi sijaanza kutambaa. Mama alikuwa akisema amepuliza kwenye santuri, watu wakisema anajisifu. Amekufa mama na maneno yake."

Magdalena aliitazama picha ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mtu wa tatu alikuwa mwembamba, mashavu yameingia ndani, kichwa ameinamisha upande kidogo kama anayesikiliza. Alitamani kumuuliza mambo mengi. Alitamani kumuuliza pale mwishoni vidole aliviweka vipi.

"Ni kweli," alisema. "Ni yeye."

Mwanasha alifumba macho, akayafumbua. Pengine alijiandaa kubishana na sasa hakujua la kufanya na ubishi wake.

"Mimi sitaki kitu," alisema. "Mashine sijui nini, hiyo ni yenu. Nataka walitaje jina tu. Kibwana. Neno moja."

"Likitajwa, bosi atauliza. Akiuliza, yote yanaanguka." Magdalena alishusha begi la saksafoni chini. "Mama, baba yangu anaumwa. Kutoka kitandani mpaka chooni anakaa chini mara mbili. Hiyo mashine ndiyo pumzi aliyobakiza. Ikishafika nyumbani, nakuahidi, nitakuja Dumila tuzungumze. Nitasema mwenyewe. Lakini si Jumapili."

Malori mawili yalipita yakielekea Iringa, na wote wawili wakageuza nyuso zao vumbi lipite.

"Mama yangu naye aliondoka na kifua," alisema Mwanasha hatimaye. Akairudisha picha kwenye nailoni, akaikunja mara mbili. "Nikija hiyo Jumapili, nitaruhusiwa kuingia? Nikae nyuma tu. Sijawahi kumsikia mpaka mwisho."

"Njoo. Nitamwambia mlinzi."

Na kweli alimwambia Petro, ambaye alisema itategemea bosi.

*

Jumapili ya sherehe hoteli ilipambwa mabua ya pamba yaliyonunuliwa mbali, maana siku hizi Kilosa hailimi pamba ya kutosha hata kupambia. Mzee Ditram aliletwa kwa gari la Goodluck, akabebwa na wahudumu wawili mpaka kwenye kiti chenye mto. Alivaa suti ya harusi yake, na Elizabeti alikuwa ameikunja mikono kwa pini ili isimmeze. Mashine ya oksijeni ilikuwa juu ya meza mbele yake, imefungwa utepe mwekundu, haijawashwa. Kwa saa mbili mgonjwa aliketi akihema mbele ya mashine iliyokuwa ikingoja kamera.

Saa nane Goodluck alimwita Magdalena waende getini kumpokea mtu wa redio aliyechelewa. Mwanasha alikuwa pale. Safari hii alivaa viatu na kilemba kisafi, na alikuwa amesimama kando kama alivyoamriwa.

"Huyu mama anasema amealikwa na Magdalena," Petro alisema.

Goodluck akageuka. "Unamfahamu?"

Swali lenyewe halikuwa na ubaya ndani yake. Goodluck alikuwa mtu mwema kwa kiasi chake. Angemwingiza mtu yeyote kama angeambiwa ni shangazi. Lakini mfuko wa nailoni ulikuwa mkononi mwa Mwanasha, na Magdalena aliuona, na alifikiria picha ile ikipita mkono kwa mkono mezani.

"Hapana, bosi," alisema.

Mwanasha hakubisha. Alimtazama Magdalena mara moja, si kwa hasira, kama mtu anayetazama basi ambalo ameshalikosa. Akavuka barabara, akasimama upande wa pili, kwenye jua, penye maduka ya vipuri. Spika za hoteli zilikuwa zimeelekezwa ndani.

Santuri ikapigwa. Watu walisikiliza wimbo wa kwanza kwa adabu, wa pili wakaanza kunong'ona, wa tatu Goodluck akainua mkono wanyamaze. Saksafoni ilipopanda kule juu, mzungu mmoja alivua kofia. Mzee Ditram aliinamisha kichwa. Magdalena alidhani analia, akasogea, akakuta anahesabu pumzi.

"Mzee wetu," Goodluck alisema kwenye maikrofoni, akimsogezea mdomoni, "tuambie. Siku ile studio ilikuwaje?"

Mzee alitafuta hewa. Ukumbi ukamsubiri.

"Mvua ilinyesha," alisema. "Tulikuwa na njaa. Huo wimbo... tuliupiga mara moja tu. Mara moja. Fundi akasema basi, inatosha."

Wakapiga makofi mengi. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliambiwa yote na Kibwana aliporudi, wamekaa juu ya marobota ya pamba, na aliyahifadhi miaka arobaini na nane kama mtu anayetunza nguo za mwenzake.

Kisha Magdalena akaombwa aupulize wimbo huo mbele ya baba yake. Kwa siku nne alikuwa amejifungia kujifunza pale mwishoni, kwa kumbukumbu tu, na alikuwa amepapata, kama si pote basi karibu. Midomo ilikuwa imemchubuka. Alijiambia kwamba hilo walau atalifanya: kama jina haliwezi kutajwa, litapulizwa, na yule aliye ng'ambo ya barabara pengine atasikia.

Akapuliza. Akafika penye mpaka. Pumzi ilikuwa tayari kifuani. Kwenye kiti chake Mzee Ditram akainua kidole, kama alivyokuwa akiinua kijiti uani, na macho yake yalimwomba binti yake kitu ambacho hajawahi kumwomba mtu.

Magdalena akaacha. Mpiga kinanda, aliyekuwa hana habari, akachukua. Makofi yakalia tena, utepe ukakatwa.

*

Mashine ilifanya kazi umeme ulipokuwepo. Mzee alipata rangi kidogo mashavuni, akaacha kukaa chini njiani kwenda chooni. Lakini aliomba saksafoni iondolewe chumbani, na mazoezi yalipoanza uani aligeukia ukuta. Hawakugombana. Magdalena alimpa uji, alimkanda miguu, alimwamkia asubuhi na mchana.

Mwezi uliofuata Goodluck aliihamishia santuri kwenye flashi, akawa anaipiga hotelini kuanzia asubuhi mpaka jioni. Alimwita Magdalena akampa soda.

"Wageni wanaipenda ile yenyewe," alisema, na alisema kwa haya. "Wewe unapuliza vizuri, sikatai. Ila ile ni ya baba yako. Utashindanaje na baba yako?"

"Ni kweli, bosi."

"Tukipata shughuli nitakuita."

Magdalena aliomba kitu kimoja tu: anakili nyimbo zile kwenye simu yake. Goodluck alimnakilia mwenyewe, hakumtoza kitu.

Mzee Ditram alikufa Machi, mvua zikiwa zimeanza, umeme ukiwa umekatika tangu juzi yake. Wasifu wa marehemu aliuandika Magdalena, maana yeye ndiye mwenye mwandiko mzuri. Aliandika kama ilivyotakiwa. Kanisani uliposomwa kwamba marehemu ndiye aliyepuliza saksafoni katika santuri ya Msimu wa Pamba, wazee waliitikia kwa vichwa, na Elizabeti hakuinua uso. Siku ya tatu baada ya maziko dereva wa hoteli alikuja, akasalimia, akatoa pole, akasimama mlangoni akichezea ufunguo. Mashine ilikuwa ya kukodi, alisema. Bosi alikuwa ameilipia mpaka Machi tu, na wenyewe wanaihitaji. Elizabeti aliifuta vumbi kabla ya kumkabidhi.

*

Alipomaliza arobaini Magdalena alipanda gari la Dumila. Hakujua atasema nini. Alikuwa na zile nyimbo kwenye simu, na spika za kuvaa masikioni alizoazima.

Hakumtafuta sana. Wauza mayai pale njia panda wanajuana, na Mwanasha alikuwa chini ya mwavuli uliotoboka, mayai yamepangwa kwenye treya, kachumbari kwenye ndoo ndogo. Magdalena akaamkia. Mwanasha akaitikia, akamvutia kigoda. Hakuonekana kushangaa wala kukasirika.

"Nilisikia mzee amefariki. Pole."

"Asante, mama." Akaketi kwenye kigoda. "Nilikuja kuomba radhi. Ile siku getini."

"Ile siku imepita."

"Niliahidi nitasema. Sijasema. Sasa nikisema nitakuwa namwaibisha mtu aliyelala, na mama bado yupo pale Kilosa, na watu..."

"Usiseme," Mwanasha alimkatiza. "Utamwambia nani? Nani anauliza?"

Kweli hakuna aliyekuwa anauliza.

"Nimekuletea umsikie," alisema. "Ningekuachia, lakini simu yako..."

Mwanasha alitoa kitochi chake mfukoni, wakakitazama wote wawili. Kilifungwa kwa raba, na hakikuwa na pa kuingiza chochote. Kwa hiyo Magdalena akamvalisha spika masikioni mwenyewe, juu ya kilemba kilichosogezwa nyuma, akauanzisha wimbo wa tatu.

Uso wa Mwanasha ulibaki vile vile. Alikuwa anasikiliza waimbaji.

"Ni yupi?" aliuliza kwa sauti kubwa, kama watu waliozibwa masikio.

"Bado. Nitakuonyesha."

Walisubiri. Magdalena aliuhesabu wimbo kichwani, na ilipofika zamu ya saksafoni aliinua kidole. Wakati huo huo basi la Dodoma likakunja kuingia, breki zikilia, na wauzaji wote wakanyanyuka kwa pamoja. Mwanasha alishavua spika kabla ya kujua anafanya nini. Akambwagia Magdalena mapajani, akabeba treya kichwani, akakimbia.

Magdalena akabaki na vile vispika viwili mkononi, vikitoa sauti ndogo kama ya mdudu kwenye kiberiti. Aliweza kuufuata hata hivyo. Akajua pale Kibwana anapopanda, pale anaporudi nyuma, pale anapokaa huko juu. Kwenye madirisha ya basi mikono ya abiria ilinyooka, na Mwanasha alikuwa chini yake ameinua treya, akiita mayai, mayai ya moto, kwa sauti iliyokauka.

Basi likaondoka. Alirudi akihema, ameuza mawili.

"Kipande chake kimepita?"

"Kimepita, mama."

"Alipiga vizuri?"

"Sijasikia mtu aliyepuliza kama yeye."

Mwanasha akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu ambacho hakukusudia kununua. Akapanga upya mayai yaliyobaki ili treya isionekane tupu.

"Nikurudishie?" Magdalena aliuliza. "Ni dakika tano tu."

Mwanasha alinyoosha mkono azipokee spika, kisha akatazama juu ya bega lake, kule barabara inakotokea Morogoro. Basi lingine lilikuwa linashuka, na nyuma yake lingine.

"Subiri kwanza haya yapite," alisema.

Magdalena akasubiri. Yalipita manne, na nyuma yake yakaja mengine, mpaka kondakta wa gari la mwisho la Kilosa alipoanza kuita watu.